Mashine ya Kufulia Ikizeeka Mombasa: Kuitengeneza au Kununua Nyingine

Mashine ya kufulia inapoanza kupiga kelele, kuvuja au kukataa kukamua, wengi wetu hapa Mombasa huuliza kwanza ina miaka mingapi. Swali hilo lina maana yake, kwa kuwa mashine nyingi za nyumbani hutarajiwa kudumu miaka 10 hivi, lakini nimekuja kuamini kwamba si swali la kuanzia. Katika mji huu mashine haifi kwa uzee peke yake. Huuawa na maji ya chumvi, na umeme unaopanda na kushuka, na hewa ya bahari inayokula bati hata ndani ya nyumba iliyofungwa. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha malipo ya fundi na bei ya dukani, yafaa kujua ni kiungo gani kilichoharibika na ni kitu gani kilichokiharibu, maana anayenunua mashine mpya bila kuondoa kilichoiua ya kwanza ataipeleka ya pili kwenye kifo kile kile.

Yangu ilikuwa ya kilo 7, ya mlango wa mbele, nayo ilinitumikia miaka 11 katika nyumba ya ghorofa huko Tudor. Iliharibika vibaya mara tatu. Mara mbili niliitengeneza na sikujuta. Mara ya tatu nikaiacha iende. Haya ninayoyaeleza nimeyapata kwa kukaa karibu na mafundi wakati wakiifungua, na kwa kuuliza maswali mengi kuliko walivyopenda.

Vilivyo nje ya pipa

Ukitaka kuamua vizuri, igawe mashine yako katika sehemu mbili: vilivyo nje ya pipa, na pipa lenyewe pamoja na vinavyolishika. Nje ya pipa kuna pampu ya kutoa maji, mkanda, vali ya kuingiza maji, hita, kufuli la mlango, mpira wa mlango, brashi za kaboni katika mota za mtindo wa zamani, na kapasita katika zile mashine za matangi mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia. Karibu vyote hivi hufikiwa kwa bisibisi na spana, huchukua saa moja au mbili, na vipuri vyake ama vipo mjini ama huagizwa Nairobi vikaletwa na basi. Kwa ubovu wa namna hii mimi husema bila kusita kwamba mashine itengenezwe, hata kama imetimiza miaka 9 au 10, madamu pipa lake ni zima.

Tena baadhi ya ubovu huu si ubovu hata kidogo. Jirani yangu mmoja, mama mwenye watoto wanne, alipata shida ya mashine kujaa maji na kukataa kuyatoa. Mtu wa kwanza aliyeiangalia alimwambia mota imeungua na kumshauri atafute nyingine. Nilipokwenda kwake tulifungua kile kifuniko kidogo kilicho chini upande wa mbele, tukatanguliza sinia kubwa, na baada ya maji meusi kumwagika nikaingiza vidole. Zikatoka sarafu mbili za shilingi 10, kifungo cha kanzu, na fundo la nyuzi za leso lililokuwa limejisokota kwenye mapezi ya pampu hata yasiweze kuzunguka. Tulisuuza kichujio, tukakikaza, na mashine ikatoa maji kwa mlio ule ule aliouzoea. Alikuwa amekwisha kuanza kudunduliza fedha za mashine mpya.

Hali kadhalika kwa mashine isiyoingiza maji. Vali za mashine za mlango wa mbele kwa kawaida huhitaji msukumo wa angalau bar 0.3, ambao ni sawa na maji yanayoshuka kutoka tangi lililo mita 3 hivi juu ya mashine. Anayeishi ghorofa ya juu kabisa, tangi likiwa limekaa juu ya dari yake, mara nyingi hana mita hizo, na mashine yake itachukua nusu saa kujaa au itasimama na kuonyesha alama ya hitilafu ingawa haina ugonjwa wowote. Mahali pengine tatizo ni uchafu. Ndani ya mdomo wa vali, pale mpira wa maji unapofungwa, mna kichujio kidogo cha wavu kisichozidi ukubwa wa kifuniko cha chupa. Ukikivuta kwa koleo utakikuta kimezibwa na mchanga mweupe na vipande vya kutu ya mabomba. Mashine mpya ikiletwa kwenye bomba hilo hilo itakataa maji vile vile.

Hita ina habari yake. Maji ya visima vingi vya kisiwani hupita katika mwamba wa matumbawe, hivyo yana chokaa nyingi, nayo chokaa hiyo hujenga ukoko juu ya hita kila inapowaka, mpaka hita inapasuka. Hata hivyo sisi wa Pwani tunaihitaji kidogo mno. Maji ya tangi lililopigwa na jua hufika nyuzi 30 yenyewe, na nguo za kawaida hutakata kwa maji hayo, isipokuwa nguo za mtoto mchanga, za mgonjwa, au mataulo yaliyoshika harufu. Ikiwa hita imekufa na mashine yako inakubali kufua kwa maji yasiyopashwa joto, unaweza kuiacha hivyo hivyo. Lakini kama swichi kubwa ya nyumba inakatika kila mashine inapoanza kupasha maji, hapo umeme unavuja, na mashine isiguswe tena mpaka fundi aione.

Pipa linapougua

Sasa tufike mahali ambapo uamuzi hugeuka. Pipa huzunguka juu ya mhimili uliokaa ndani ya beringi mbili, na mbele ya beringi hizo pana sili ya mpira inayozuia maji. Sili ikichoka, maji ya sabuni hupenya, grisi husombwa, beringi hushika kutu, na mashine huanza kunguruma wakati wa kukamua. Mwanzoni ni mngurumo mdogo ambao watu huuzoea. Baada ya miezi kadhaa ni kama mkokoteni mtupu unaokokotwa juu ya lami iliyochimbika, na wa nyumba ya chini wanaanza kubisha mlango.

Kipimo chake ni rahisi na hakimhitaji mtu awe fundi. Chomoa waya kwenye soketi, fungua mlango, shika ukingo wa juu wa pipa la ndani kwa mkono mmoja, kisha lisukume juu na chini. Pipa na tangi lake la nje, lile linaloshika maji, vikitikisika pamoja juu ya springi, hilo ni jambo la kawaida. Lakini pipa likicheza peke yake ndani ya tangi, hata kwa milimita chache, beringi zimekwisha. Halafu lizungushe taratibu na utege sikio. Pipa zima hupita kimya, pipa gonjwa husaga. Ukiweza kuisogeza mashine kutoka ukutani, angalia pia nyuma chini ya gurudumu la mkanda: mstari wa kahawia ulioteremka na kukauka ni ushahidi kwamba sili imekuwa ikivuja kwa muda.

Beringi zenyewe si ghali. Ni beringi za vipimo vya kawaida, namba zake, kama 6205 au 6206, zimechongwa pembeni, na duka la vipuri vya magari linaweza kuwa nazo. Ghali ni kazi, kwa sababu fundi lazima atoe mfuniko, vizito vya zege, hita, mota, mpira wa mlango na waya zote, ndipo alitoe tangi na kulipasua vipande viwili. Na hapo ndipo mwenye mashine anapaswa kuuliza swali moja kabla hajakubali chochote: tangi la nje limeunganishwa kwa skrubu au limeyeyushwa likawa kitu kimoja? Mashine nyingi za miaka ya karibuni zina tangi la plastiki lililoyeyushwa, na kiwanda hakikukusudia lifunguliwe kamwe. Beringi zikifa, kinachouzwa ni tangi zima pamoja na pipa lake. Wapo mafundi wetu wanaolikata kwa msumeno, wakabadilisha beringi, na kulifunga tena kwa skrubu na silikoni. Nimeona moja lililoshika vizuri na nimeona jingine lililovuja baada ya wiki chache, maji yakaingia kwenye mota. Mimi singeitoa fedha yangu kwa kazi hiyo ila fundi awe tayari kuandika kwamba atairudia bure ikivuja ndani ya miezi kadhaa.

Yangu haikufa kwa beringi. Nyuma ya pipa la chuma cha pua kuna chuma chenye mikono mitatu kinachoshika pipa na mhimili, ambacho mafundi wengine hukiita msalaba. Kwa kawaida hutengenezwa kwa alumini, na alumini haipatani na chumvi wala na magadi yaliyo katika sabuni ya unga. Kwa miaka mingi nilikuwa nikifua kwa maji ya kisima na kufunga mlango mara tu nilipomaliza, unyevunyevu ukabaki mle ndani usiku kucha. Siku fundi alipolipasua tangi nilichutama karibu naye nikaangalia. Mikono yote mitatu ilikuwa imefunikwa na unga mweupe, na mmoja ulikuwa na ufa kutoka katikati hadi ukingoni. Aliugusa kwa ncha ya bisibisi, ukameguka kama chaki. Akanitazama akasema, "Mama, hii hata ningekuwa na spea yake nisingekula pesa yako." Nilimshukuru kwa ukweli ule, maana angeweza kunibadilishia beringi, akalipwa, na msalaba ukakatika mwezi uliofuata huku pipa likizunguka kwa mwendo wa zaidi ya mizunguko 1,000 kwa dakika.

Kwa hiyo, kwa msalaba uliooza, au beringi zilizokufa ndani ya tangi lililoyeyushwa, nunua nyingine. Kwa beringi ndani ya tangi la skrubu, na msalaba ukiwa bado mgumu, inategemea hesabu ninayoieleza mbele kidogo.

Bodi

Bodi ya umeme ina utata wake, kwa sababu ndiyo inayosingiziwa zaidi. Taa zisipowaka, mtu husema bodi. Programu ikisimama katikati, bodi. Kumbe mara nyingine ni kufuli la mlango, au waya uliogugunwa na panya. Fundi anayetaja bodi kabla hajatoa kipimo chake mfukoni hastahili kuaminiwa kwa neno hilo. Na hata bodi ikiwa kweli imekufa, usikimbilie kununua mpya, ambayo peke yake huweza kumaliza sehemu kubwa ya bei ya mashine. Katika mji kuna mafundi wa elektroniki, wale wanaotengeneza televisheni na vikuza sauti, ambao hubadilisha kipande kimoja kilichoungua wakaiacha sehemu nyingine ya bodi ilivyo. Ya kwangu ilipokufa mara ya kwanza, sababu ilikuwa mjusi kafiri aliyejipenyeza nyuma kufuata joto na kukauka juu ya nyaya mbili. Palipoungua palikuwa padogo kama punje ya mtama. Bodi ile ilirudi kazini na haikusumbua tena.

Hesabu ya fedha

Wengi hufuata kanuni inayosema kwamba matengenezo yakizidi nusu ya bei ya mashine mpya, ni heri kununua mpya. Si kanuni mbaya, ila inaficha jambo moja, nalo ni muda utakaoupata kwa fedha hiyo. Napendelea kugawa gharama kwa miaka. Tuseme kubadilisha pampu kutakugharimu shilingi 4,500 na mashine, kwa hali yake, itakwenda miaka 3 zaidi: hapo umelipa 1,500 kwa mwaka. Tuseme mashine mpya ni shilingi 48,000 na itadumu miaka 8: hiyo ni 6,000 kwa mwaka. Hakuna ubishi. Lakini tuseme beringi na kazi yake ni 14,000, na kutu uliyoiona nyuma inakuambia kwamba hutapata zaidi ya miaka 2: hiyo ni 7,000 kwa mwaka, na mashine mpya imeshinda ijapokuwa matengenezo hayakufika hata thuluthi ya bei yake. Weka namba zako mwenyewe mahali pa hizi za mfano, na kuwa mkweli hasa kwenye ile namba ya miaka, kwa kuwa ndiyo tunayojidanganya nayo.

Upande wa mpya kuna gharama zisizoandikwa kwenye kibandiko cha bei. Mashine ya mlango wa mbele ina uzito wa kilo 60 au zaidi, na kuipandisha ghorofa ya nne pasipo lifti ni kazi ya mahamali wawili wanaostahili malipo yao; anayekaa Likoni au Mtongwe huongeza na safari ya kuvuka. Pengine utahitaji fundi bomba wa kuongeza mdomo wa maji, na fundi umeme wa kuweka soketi yenye waya wa ardhi, hasa katika nyumba za Mji wa Kale ambazo nyaya zake ziliwekwa kabla ya mashine hizi kufikiriwa. Hita ya wati 2,000 haichezewi kwa waya wa kuunganishia uliotandazwa sakafuni.

Hesabu ya maji, ambayo hapa kwetu ni nzito kuliko ya umeme

Muuzaji atakuambia kwamba mashine mpya inaokoa umeme. Ni kweli, lakini angalia ni umeme upi. Sehemu kubwa ya umeme wa mashine ya kufulia huenda katika kupasha maji joto: lita 10 za maji kutoka nyuzi 28 hadi 60 hutaka takriban uniti 0.37, na hadi nyuzi 40 hutaka uniti 0.14 tu. Anayefua kwa maji yasiyopashwa, kama tufanyavyo wengi wetu, hana cha maana cha kuokoa hapo, na mota ya kisasa haitamrudishia bei ya mashine kwa tokeni atakazobakiza.

Maji ni habari nyingine. Maji ya mfereji yanayotoka Mzima na Baricho hufika kwa zamu katika mitaa mingi, na siku yasipofika tunanunua ya mkokoteni kwa mitungi ya lita 20. Mashine ya zamani inayofunguliwa juu na kufanya kila kitu yenyewe huweza kunywa lita 120 au zaidi kwa mfuo mmoja, yaani mitungi 6. Ya mlango wa mbele ya kilo 7 hutumia lita 50 hivi, mitungi miwili na nusu. Nyumba inayofua mara 4 kwa wiki itaokoa lita 280, ambazo ni mitungi 14 kila wiki na 728 kwa mwaka. Tuseme mtungi ni shilingi 20 na nyumba hiyo hununua maji yote ya kufulia: ni shilingi 14,560 kwa mwaka. Kwa nyumba kama hiyo, mashine ya zamani inayofunguliwa juu inaweza kuwa nzima kabisa na bado ikawa hasara kuendelea nayo, na ningemshauri mwenyewe aiuze ingali inazunguka. Lakini kwa anayepata maji ya kutosha kutoka kisima cha jengo, faida hiyo hupungua hadi kuwa gharama ya kuendesha pampu tu, na hoja ya kubadilisha hukosa mguu wa kusimamia.

Ipo pia ile ya matangi mawili, ambayo watu wenye uwezo huidharau na ambayo mimi naiona inafaa mitaa yetu mingi kuliko zote. Haihitaji msukumo wa maji, kwa kuwa unaweza kuijaza kwa ndoo. Maji ya sabuni yaliyofulia shuka nyeupe hufulia nguo za rangi, kisha suruali za kazi, kabla ya kumwagwa. Haina bodi ya kuungua. Ina swichi za kuzungusha, mota mbili na kapasita, na fundi wa mtaani huimaliza kwa muda mfupi. Tangi lake la kukamulia huzunguka kwa kasi ya kutosha kuziacha nguo zikiwa na unyevu mdogo, jambo ambalo mtu huliona thamani yake mwezi wa Mei, masika yanapokaza na kamba ya nguo kwenye roshani haikauki siku tatu. Kasoro yake ni kwamba lazima usimame nayo, uhamishe nguo kwa mikono, usuuze. Kwa mtu anayetoka kazini jioni, kazi hiyo si ndogo. Lakini aliyeamua kubadilisha asidhani kwamba lazima abadilishe kwa mashine ya aina ile ile.

Ukinunua

Kibandiko kinachosema waranti ya miaka 10 kisome hadi mwisho wake. Mara nyingi kinahusu mota peke yake, nayo mota ni kiungo ambacho hufa mara chache. Mashine nzima huwa na waranti ya mwaka mmoja au miwili. Uliza kama karakana inayoheshimu waranti hiyo iko Mombasa, au kama mashine italazimika kusafirishwa hadi Nairobi, na uliza kwa gharama ya nani. Uliza pia kama tangi lake hufunguliwa. Muuzaji huenda asijue, na hilo nalo litakuwa limekujulisha kitu. Tangu Machi 2021 Umoja wa Ulaya huwataka watengenezaji wanaouza mashine za kufulia huko kuweka vipuri kwa angalau miaka 10 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Kwa hiyo modeli inayouzwa pia Ulaya ina nafasi nzuri zaidi ya kupatiwa kipuri hapo baadaye, hata kama kitachukua wiki kadhaa kufika.

Mashine iliyotumika ng'ambo ni njia ya kati, na wapo waliofaidika nayo. Usinunue isiyojazwa maji na kukamua mbele yako. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya yote: umeme wetu ni wa volti 240 na hertzi 50. Mashine ya Uingereza au ya Falme za Kiarabu inapatana nao, lakini ya Marekani ni ya volti 120 na itaungua mara moja. Za Saudi Arabia, ambazo ndugu zetu walioko huko hupenda kutuletea, zimeundiwa hertzi 60, na mota ya aina ya zamani ikiwekwa kwenye 50 huenda polepole na kupata joto kupita kiasi. Zawadi ya namna hiyo iulizwe mapema, kabla haijapakiwa kwenye kontena.

Mashine mpya ya mlango wa mbele ikifika nyumbani, ng'oa zile skrubu ndefu za safari zilizo nyuma kabla ya kuiwasha. Huwekwa ili pipa lisicheze njiani. Ukiwasha zikiwa bado zipo, mashine itarukaruka sakafuni na unaweza kuua beringi kwa siku moja. Zihifadhi kwa siku ya kuhama.

Na yale yaliyoiua ya kwanza yashughulikiwe siku hiyo hiyo. Kama kisima chako kina chumvi inayoonekana nguo zikikauka, yaani kanzu nyeusi inabaki na ramani nyeupe, tenga tangi dogo la maji ya mfereji au ya mvua kwa ajili ya mashine, au angalau suuza ya mwisho ifanyike kwa maji matamu. Weka gadi ya umeme inayokata volti zikipanda au kushuka na kusubiri dakika chache kabla ya kurudisha. Usiiweke mashine kwenye roshani inayotazama bahari bila kifuniko. Punguza sabuni, vijiko viwili vikubwa hutosha nguo zisizo na tope, na povu la ziada hubaki ndani likila alumini. Mlango uache wazi baada ya kufua, ukifuta mikunjo ya mpira kwa kitambaa, na ikiwa kuna mtoto mdogo nyumbani, funga mlango wa chumba kwa nje.

Yangu ya zamani sikuitupa. Sikutaka ibebwe hadi jaa la Mwakirunge ilhali nusu yake ilikuwa nzima. Fundi alichukua pampu, vali, kufuli la mlango na ile bodi iliyonusurika na mjusi, akanipunguzia malipo ya siku ile. Chuma kilichobaki kilikwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Miezi miwili baadaye aliniambia kwamba vali imo ndani ya mashine ya mama mmoja wa Mikindani, yenye miaka 8, ambayo pipa lake alilitikisa kwa mkono kabla ya kuanza kazi na likatulia.